Nilivyomwonea Wivu Mwalimu Boke

Walimu vijana, siku mtakapokabidhiwa darasa lenu la kwanza mtaambiwa mengi. Mtaambiwa mfike mapema, mwandae somo kabla ya kuingia, msigeukie ubao muda mrefu mkawasahau watoto nyuma yenu. Yote ni kweli. Lakini hakuna atakayewaambia kuhusu wivu, kwa hiyo nitawaambia mimi. Nimefundisha historia ya kale na insha maisha yangu yote ya kazi, na sehemu kubwa ya maisha hayo nilikuwa nikimwonea wivu mwalimu wa darasa la jirani. Mwalimu huyo ni mke wangu.

Chekeni mkitaka. Walimu wenzangu walicheka kabla yenu.

Boke ni Mkuria wa Ntimaru, mimi ni Mjaluo wa Uriri. Tulijuana kwenye semina ya walimu Migori mjini, yeye akiwa ndiyo kwanza ametoka chuoni, mimi nikiwa nimeshafundisha miaka kadhaa na kujiona mzee wa kazi. Yeye hakujua Dholuo, mimi sikujua Kikuria hata cha kusalimia. Basi tulitongozana kwa Kiswahili, tukaoana kwa Kiswahili, tukagombana kwa Kiswahili, na binti yetu Atieno alikua akiamini kwamba Kiswahili ndicho kabila la wazazi wake. Mama yangu alilalamika kwamba nimemletea nyumbani mtu anayeongea kama karani wa mahakama. Haikupita miaka mingi Boke akawa anakaa na mama jikoni wakiwasengenya majirani kwa Dholuo safi. Hata hilo nililionea wivu, maana Kikuria changu mpaka leo kinatosha kuomba maji tu.

Tulipopewa shule moja pale Uriri, mimi nilifundisha darasa la nane, yeye la saba. Siku hizi mnasema gredi, na vitabu vimebadilika, lakini mtoto wa umri huo hajabadilika. Bado ana miguu mirefu kuliko dawati, na bado anakuchunguza aone kama unaamini unachosema.

Ukuta kati ya madarasa yetu haukufika juu. Sijui wajenzi waliishiwa na matofali au waliishiwa na hamu. Kwa hiyo mimi nilikuwa nimesimama ubaoni nikiandika majina ya wafalme wa Misri, herufi zangu zimenyooka kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba, na juu ya ukuta kinakuja kicheko. Watoto arobaini wakicheka kwa pamoja. Halafu kimya. Halafu sauti ya mtoto mmoja akieleza kitu, halafu kicheko tena. Wanafunzi wangu waliinua macho kutazama juu, kama vile kicheko ni ndege atakayetua kwenye boriti. Niligonga meza. "Mbele! Tazameni mbele!"

Na msidhani nilikuwa mwalimu mbaya. Ubao wangu ulikuwa safi na watoto wangu walifaulu. Insha ndiyo ilikuwa fahari yangu. Nilikuwa nimewakusanyia wanafunzi maneno ya kupamba, na kila Ijumaa waliyakariri. Mtoto wa darasa langu hakuamka, alirauka. Hakuoga; alijitoma bafuni. Hakufurahi, alikuwa na furaha ghaya ya furaha. Nilikuwa nimewazoesha kuanza kila insha kwa jua kuchomoza na ndege kuimba, na walinitii mno. Mmoja aliandika kuhusu moto ulioteketeza nyumba yao, na kabla ya moto kufika tulikuwa tumeshasikiliza ndege kwa ukurasa mzima.

Jioni tulisahihisha kwenye meza moja, mimi na Boke, yeye na rundo lake, mimi na langu. Siku moja alikwenda kutazama maharagwe jikoni, nikavuta daftari moja la juu kwenye rundo lake. Ilikuwa insha ya mtoto aliyefiwa na bibi yake. Ilianza hivi: "Nyanya alikufa Jumanne. Jumatano kuku wake walikuja mlangoni kwake kama kawaida."

Nilisoma mara mbili. Nikalirudisha daftari mahali pake, nikachukua insha ya mwanafunzi wangu. Ya kwangu ilianza kwa jua kuchomoza.

Boke aliporudi aliniuliza, "Mbona umenuna?"

"Sijanuna. Huyu mtoto wako ataanguka mtihani. Hana hata methali moja."

"Yupi?"

Hapo nikagundua nimejitia kitanzi mwenyewe. Boke alitazama rundo lake, akanitazama mimi, akaketi akaendelea kusahihisha. Wino wake ulikuwa mweusi. Wangu ulikuwa mwekundu, na nilikuwa namaliza kalamu kwa wiki.

Njia yake ilikuwa rahisi kiasi cha kuudhi. Hakuwaambia watoto jambo la kale kabla hajawauliza la leo. Somo la dhahabu ya Wanubi, kwa mfano. Mimi nilichora ramani, nikaonyesha mishale, nikasema dhahabu ilitoka kusini ikaenda kwa wafalme. Yeye aliuliza, "Nani hapa baba yake anachimba dhahabu Osiri?" Kijana mmoja akasimama. Siku zote alikuwa wa mwisho darasani, lakini huko machimboni alikuwa ameona kila kitu kuanzia mawe yanapotolewa shimoni, yanapopondwa, mpaka unga wake unapooshwa kwenye karai. Boke alimwachia ubao. Kijana akasema, "Madam, dhahabu ikiwa chini haing'ai. Unaweza kuikanyaga." Nilisikia mwenyewe juu ya ukuta. Boke akawaambia waandike sentensi hiyo kwanza, kisha waendelee wenyewe: ni nani aliyekuwa shimoni kwa ajili ya mfalme wa Misri, na alikuwa anakanyaga nini?

Mimi darasa langu liliandika kwamba dhahabu ni madini ya thamani.

Sasa niwaambie habari ya bata, kwa sababu Atieno akisikia nimeandika bila kuitaja atasema nimewadanganya.

Boke alikuwa anafundisha jinsi Wamisri walivyohifadhi maiti za wafalme. Alileta samaki mbichi, ngege wa ziwani, na chumvi, akamwita msichana mmoja aliyekulia Karungu, kando ya ziwa. Msichana alimpasua samaki kwa mkato mmoja tu wa kisu, akatoa matumbo, akapaka chumvi, akamwanika juani nyuma ya darasa. Boke akauliza, "Huyu mnataka akae mpaka lini?" Wakasema mpaka Ijumaa. "Basi Wamisri walitaka mtu wao akae milele. Wangefanya nini zaidi?" Na kazi ya insha ilikuwa hii: mweleze namna ya kukausha samaki mtu ambaye hajawahi kumwona samaki maishani mwake. Vijana, chukueni zoezi hilo bure. Mtoto akilifanya mara tatu atajua kupanga maelezo kuliko akikariri vitabu vitano. Atasahau kisu, mwenzake atamuuliza, "Matumbo umetoa kwa meno?" na hatasahau tena.

Roho iliniuma. Nikasema kama yeye amehifadhi samaki, mimi nitahifadhi kitu kinachofanana na mfalme. Nikanunua bata.

Bata ana mafuta. Hilo sikulifikiria. Pia sikutoa kila kitu tumboni, kwa sababu nilikuwa nimevaa shati jeupe na watoto walikuwa wananitazama. Nilipaka chumvi, nikamfunga kwa vitambaa vizuri sana, nikamweka kwenye kabati la darasa, nikafunga kwa kufuli, kisha tukafunga shule kwa mapumziko mafupi ya katikati ya muhula.

Tuliporudi, siafu walikuwa wametangulia. Walipanga mstari kutoka dirishani hadi kabatini, na harufu ilikuwa imetoka mlangoni ikatupokea uwanjani. Mwalimu mkuu alifunga pua kwa tai yake. "Mwalimu Ouma," akasema, "ni nani amekufa humu?"

Mtoto mmoja akajibu, "Ni farao, sir."

Na kutoka juu ya ukuta kikaja kicheko, lakini safari hii kicheko cha mtu mmoja, mtu mzima, ambacho nilikijua kuliko kingine chochote. Darasa langu lilisomea nje wiki nzima.

Nilifundishwa na bata yule jambo moja ambalo ni la kazi, nawapa. Usiige somo la mwenzako kabla hujamuuliza kwa nini analifanya. Boke alichagua samaki kwa sababu watoto walimjua samaki. Mimi nilichagua bata kwa sababu ya Boke.

Basi ikaja siku ya afisa wa elimu. Alikuja kukagua masomo, na alikuja kwangu, maana mimi ndiye nilikuwa mkuu wa idara. Nilikuwa nimepiga pasi suruali mpaka mkunjo ukaweza kukata mkate. Ramani ya Mto Nile ilikuwa ubaoni kwa chaki za rangi. Afisa aliketi nyuma, akaanza kuandika. Nilikuwa nimefika kwenye mafuriko ya mto na rutuba ya udongo, somo linaenda vizuri, ndipo upande wa pili ukacheka.

Afisa akainua kichwa. "Huko kuna nini?"

"Kelele tu, bwana."

"Kelele ya nani?"

Nikasema, "Ya mke wangu."

Akatabasamu, akaandika kidogo. Kikaja kicheko cha pili, kisha ule ukimya wa Boke, kisha sauti ya mtoto akisoma alichoandika. Afisa alisikiliza, kalamu imesimama. Akaniinamia kichwa kwa adabu, akatoka. Hakurudi. Nilimaliza somo la Mto Nile mbele ya kiti kitupu. Kizuri chajiuza, wahenga walisema, na mimi nilikuwa nimejitembeza mpaka viatu vikaisha soli.

Haikuchukua muda ofisi ya elimu ikamtaka Boke. Kulikuwa na mtaala mpya unakuja, walimu wengi walikuwa hawajui waanzie wapi, na ofisi ilimtaka ahamie Homa Bay awe mkufunzi wa walimu wenzake. Angekuwa anazunguka shule hadi shule, akifundisha wanaofundisha. Jioni ile alisubiri mpaka Atieno alipokwenda kwa rafiki yake. Akaketi mbele yangu, mikono juu ya meza.

"Baba Atieno, wameniita Homa Bay."

"Nimesikia. Shule nzima imesikia."

"Nataka kwenda. Lakini ukisema hapana, nitakataa, na sitakulaumu mbele ya watu."

"Na nyuma ya watu?"

"Huko siahidi."

Nilimwambia nitafikiri. Vijana, nilijua vizuri kwamba nilikuwa nimeshika jambo kubwa mkononi. Neno moja langu lingetosha. Nilibeba neno hilo kila mahali. Nililipeleka shuleni, nikalipeleka kanisani, nikalipeleka kwa kaka yangu Owino, mwenye duka la mbegu sokoni. Owino hakupoteza muda.

"Omera, ndugu yangu, mwanamke akishapanga nyumba mjini, hiyo ndiyo nyumba. Hii yako itakuwa stoo. Mwambie hapana, kazi iishe."

"Ni kazi kubwa wamempa, Owino."

"Kwani wewe hawakukuona?"

Hapo aligusa kidonda. Nilirudi nyumbani nimeamua. Nilikuwa nimeshatengeneza sentensi, nimeipamba, ina hata methali ndani yake. Nikamkuta Boke anapanga vifaa vya mafunzo ya wiki iliyofuata, kwa sababu walikuwa wamempa wiki moja ya kujaribiwa huko Homa Bay kabla ya kuthibitisha jina lake. Na orodha ya walimu waliotakiwa kuhudhuria mafunzo hayo ilikuwa imeshabandikwa kwenye ofisi. Jina langu lilikuwamo.

Nilimeza sentensi yangu. Niliona heri nikamwone kwanza akishindwa. Nawaambia mambo yalivyokuwa.

Ukumbi ulikuwa karibu na ziwa. Walimu wengi walikuwa vijana kama ninyi, wa kutoka pande zote, na hakuna aliyejua yule mzee wa nyuma mwenye shati jeupe ana uhusiano gani na mkufunzi. Boke hakusema. Aliniita "Mwalimu Ouma," na nilipopiga mwayo akasema, "Wewe pale nyuma, karibu mbele." Nikaenda mbele.

Siku ya pili alitupa kazi. "Andikeni ukurasa mmoja kuhusu kitu kilichokuwa cha mtu ambaye hayupo tena. Msimsifu mtu huyo. Msimlilie. Niambieni alikitumiaje. Wa kale hawakutuachia sifa zao, wametuachia vyombo. Kama hamwezi kukisoma chombo cha nyumbani kwenu, mtawasomeaje watoto chombo cha Misri?"

Niliandika kuhusu jiwe la mama la kusagia mtama. Mama alikuwa amefariki miaka kadhaa nyuma. Nilianza kwa kusema mama ni nguzo, mama ni taa, mama ni kisima kisichokauka. Nilijaza ukurasa. Niliamini kwamba wiki hiyo watajua ni nani mwenye insha katika nyumba ile.

Boke alipita kati ya viti akisoma. Akafika kwangu. Alisimama akasoma yote, taratibu, penseli mkononi. Sikumtazama usoni, nilitazama penseli. Haikukata kitu. Mwishoni iliweka mstari mdogo chini ya sentensi moja, karibu na mwisho wa ukurasa, ambayo mimi mwenyewe sikukumbuka kuiandika. Kisha akaenda ubaoni, akainakili bila kutaja ni ya nani: "Alisaga akiwa amepiga goti moja tu, mguu wa pili ameunyoosha kando."

"Mtu huyu," akawauliza, "tunajua nini juu yake?"

Kijana mmoja akasema, "Ana goti bovu."

"Lipi?"

"Lile alilonyoosha. Lingekuwa zima angepiga yote."

"Alikuwa na mtu wa kumsaidia?"

"Hapana," akasema mama mmoja wa pembeni. "Angekuwa naye, asingesaga akiumwa hivyo."

"Au alikuwa naye akakataa kusaidiwa," mwingine akadakia. "Nyanya yangu angekataa." Watu wakacheka.

Ndipo msichana mmoja, mwalimu mgeni kabisa kazini, akainua mkono. "Madam, mtu anayesaga hivyo uzito wake unaegemea upande mmoja. Basi jiwe lenyewe litakuwa limelika upande mmoja. Hata kama jina lake limepotea, mtu akilipata hilo jiwe atajua alivyokuwa anapiga goti."

Walimu vijana, jiwe lile lilikuwa nyumbani kwangu Uriri. Nililitumia kuzuia mlango wa jikoni usigongwe na upepo. Lilikuwa limelika upande wa kushoto, na katika maisha yangu yote sikuwahi kujiuliza kwa nini. Nilidhani ndivyo mawe yalivyo.

Waliendelea kumzungumzia mama. Watu wasiomjua, wengine hata Dholuo hawajui, walibishana kama aliumia kisimani au alizaliwa nalo. Boke aliwaacha. Yeye alijua. Ndiye aliyekuwa akimkanda mama lile goti kwa maji ya moto miaka yake ya mwisho, na angeweza kuwaambia kwa neno moja, lakini alisimama pale na chaki yake akasikiliza kama hajui lolote. Nilimwonea wivu mpaka masikio yakawaka. Nilikuwa na mama huyu maisha yangu yote, ninaandika insha, ninafundisha historia, na sikuwahi kumwonyesha mtu hata siku moja. Boke alichukua sentensi moja, akamleta ukumbini akiwa hai, anasaga.

Mchana tulikwenda kula hoteli moja ndogo ya samaki. Aliagiza yeye. Samaki akaja, mzima, kichwa na mkia.

"Kesho wanataka jina," Boke akasema. "Nipe jibu langu."

Nilitafuta ile sentensi yangu yenye methali. Haikuwepo.

"Nenda."

"Unasema na roho yako?"

"Nasema na mdomo. Roho bado iko Uriri, imenuna."

"Itafika lini?"

"Sijui, Boke. Labda isifike. Wewe nenda, usiningojee nifurahi ndiyo uende."

Boke akavunja kichwa cha samaki, ambacho siku zote mimi ndiye nilikila, akakiweka kwenye sahani yake. "Hiki leo ni changu," akasema. Nikachukua mkia.

Owino alikaa bila kunisemesha kwa muda mrefu. Wengine walinipa pole, kama mtu aliyefiwa. Boke alikuwa anarudi mwisho wa wiki, amechoka, ana vumbi la shule za mbali kwenye viatu, na kila alichosimulia kilinichoma. Huku walimu wamempigia makofi, kule wamempikia kuku. Nilimpikia uji, nikauliza, "Na huyo kuku alikuwa mnono?"

Shuleni nikapewa darasa lake pia, juu ya langu. Hapo ndipo nilipojifunza kazi, nikiwa nimekaribia kustaafu. Watoto wake hawakunihurumia. Nikianza kuandika ubaoni, mmoja anauliza, "Mwalimu, kwani hatuanzi na swali?" Nikaleta chungu kilichovunjika. Nikawapeleka shambani wakatafute kitu ambacho mtu aliwahi kukishika. Tulikwenda hata kuona kuta za mawe za Thimlich Ohinga, ile ngome ya kale kule kwetu Migori, na kila mtoto alitakiwa kuchagua jiwe moja tu, aandike lilivyofika pale lilipo, limeshikwa na mikono ya nani, na aliyelishika alikuwa na haraka au hakuwa nayo.

Msichana mmoja akasema, "Mwalimu, hii ni ya Madam."

"Ndiyo," nikamjibu. "Nimeiiba. Fungua daftari."

Na insha nikazigeuza hivi. Mtoto akileta kazi, sikumsahihisha kabla hajanisomea kwa sauti. Mahali aliposoma haraka akiona haya, hapo ndipo alipodanganya. Mahali sauti iliposhuka, hapo ndipo insha ilipo, na mara nyingi iko karibu na mwisho, baada ya ndege kumaliza kuimba. Nilimwambia aanze hapo. Maneno ya kupamba sikuyatupa, mkisikia mtu anasema niliyatupa ni uongo. Nilimwambia mtoto anaweza kutumia moja, kama amewahi kumsikia mtu wa kwao akilisema. Wino mwekundu niliacha.

Nilistaafu, nikahamia Homa Bay katika nyumba aliyopanga Boke, maana Owino alisema kweli kuhusu stoo. Jiwe la mama nililibeba. Huku hakuna anayenijua kwa jina. Muuza nyanya ananiita "bwana ya Madam." Mwendesha boda akinipeleka nyumbani haulizi mtaa, anasema, "Kwa Madam, si ndiyo?" Nawaambia ukweli, bado inauma. Nilidhani uzeeni ingepoa.

Jioni moja juzi nilikuwa nasonga ugali, mlango ukabishwa. Alikuwa mwalimu mmoja kijana aitwaye Lavender, anafundisha gredi ya nane, amekuja kumtafuta Madam. Nikamkaribisha akae. Boke alikuwa bado hajafika. Nikamuuliza shida ni nini.

"Wanafunzi wangu, Mwalimu. Nikiwaambia waandike insha ya mambo ya kale wanaandika kwa Sheng. Farao anaitwa buda, eti mzee wa mtaa. Nimepiga kelele mpaka nimechoka."

Nikamwambia, "Waambie wanamwandikia fundi aliyejenga kuta za Thimlich. Fundi huyo hajui buda ni nani. Kila neno ambalo fundi hatalielewa, wamweleze kwa neno lingine."

Lavender akatoa kalamu. Alikuwa anaandika Boke alipoingia, akavua viatu, akasikiliza mwisho wa maneno yangu.

"Hapana," Boke akasema hata kabla ya salamu. "Waache waandike kwa Sheng mpaka mwisho. Mawazo yatoke kwanza. Ndipo watafsiri."

Nikatoka jikoni na mwiko mkononi. "Wakishazoea hawatatafsiri. Fundi atawabana tangu mwanzo."

"Fundi wa Thimlich hajui hata Kiswahili, Baba Atieno!"

"Atajifunza. Wewe si ulijifunza Dholuo?"

Tulibishana pale pale, yeye amesimama bila viatu, mimi na mwiko, mpaka harufu ikatuita. Ugali ulikuwa umeungua. Boke alikimbilia jikoni. Lavender akasimama, akafunga daftari lake, akasema usiku unaingia na barabara ya kwao ni mbaya. Mlangoni akageuka, akaita kuelekea jikoni, "Asante sana, Madam. Nitaanza na ya Mwalimu."

Kutoka jikoni nilisikia kijiko kikikwangua sufuria, kwa nguvu nyingi kuliko ugali ule ulivyohitaji. Nikafunga mlango taratibu, nikavuta kiti, nikaketi nikisikiliza.